Kuridhika, Kuzoea na Kukata Tamaa: Uhakiki wa Dhana ya Tamaa katika Falsafa ya Magharibi na Athari Zake kwa Ushauri wa Sera

Ikisiri

Makala haya yanahakiki namna falsafa ya Magharibi ilivyoieleza tamaa ya binadamu na namna maelezo hayo yalivyoingia katika ushauri wa sera. Hoja kuu ni kwamba wanafalsafa wa kale waliiuliza tamaa maswali mawili: inataka nini, na imetoka wapi hata ikastahili kufuatwa. Kuanzia karne ya 17 swali la pili liliachwa polepole, kwa sababu zenye uzito, mpaka baadhi ya wanauchumi mashuhuri wa karne ya 20 wakaliweka nje ya taaluma yao. Makala yanaonesha kuwa kuachwa kwa swali hilo kunamfanya mshauri wa sera ashindwe kumtofautisha mtu aliyeridhika, aliyezoea na aliyekata tamaa. Yanajadili pia hatari ya kulirudisha swali hilo mikononi mwa watawala, na kupendekeza namna ya kuliuliza pasipo kumnyima mtu haki ya kulijibu mwenyewe.

Istilahi muhimu: tamaa, mapendeleo, kuridhika, maadili, sera

1.0 Utangulizi

Kila sera ya umma hujengwa juu ya dhana fulani kuhusu kile ambacho watu wanakitaka. Serikali inapoamua kujenga barabara kabla ya zahanati, inapoongeza kodi ya sigara, au inapojadili kama michezo ya kubahatisha kwa njia ya simu iachwe huru au idhibitiwe, huwa tayari imekwisha kulijibu swali moja la kifalsafa, hata kama jibu halikuandikwa popote: je, kule kutaka kwa mtu ni sababu tosha ya kumpatia anachokitaka? Sehemu kubwa ya uchumi wa ustawi unaofundishwa vyuoni hulijibu swali hilo kwa kukubali, mradi mwingine asidhurike. Mtu akichagua kitu, inachukuliwa kwamba anakitaka. Na akikitaka, inachukuliwa kwamba kukipata ni heri kwake.

Jibu hilo lina nasaba ndefu, na makala haya yanaifuatilia nasaba hiyo ili kuihakiki. Hayadai kuimaliza historia ya fikra za Magharibi juu ya tamaa. Yanachagua maandiko machache ambayo ndani yake mabadiliko ya swali yanaonekana waziwazi. Neno tamaa linatumika hapa kwa maana pana ya nguvu ya nafsi inayomwelekeza mtu kwenye jambo analolikosa, iwe njema au mbaya. Maana zake za Kiswahili zitajadiliwa katika sehemu ya saba. Neno Magharibi nalo lisichukuliwe kuwa jina la eneo la kijiografia. Augustine, mmoja wa nguzo za mapokeo haya, alizaliwa mwaka 354 katika mji wa Thagaste, ulio katika Algeria ya leo, akafia Hippo katika pwani ya Afrika Kaskazini mwaka 430.

2.0 Tamaa inayohojiwa: kutoka Plato hadi Augustine

Plato hutajwa mara nyingi kuwa adui wa tamaa. Katika kitabu cha nne cha Jamhuri anaigawa nafsi katika sehemu tatu, yaani akili, ari na matamanio, na kuipa akili mamlaka ya kutawala. Ili kuonesha kwamba sehemu hizo zinaweza kupigana, anasimulia habari za Leontius, mtu aliyekuwa akipanda kutoka Piraeus akaona maiti zimelala karibu na mtekelezaji wa hukumu za kifo. Leontius alitamani kuzitazama, na papo hapo akachukizwa na nafsi yake kwa kutamani hivyo. Alijifunika uso kwa muda, kisha akashindwa, akayakodoa macho huku akiyakaripia kana kwamba yenyewe ndiyo yaliyotenda kosa. Umuhimu wa kisa hiki kwa mjadala wetu ni kwamba mhakiki wa kwanza wa tamaa ni mwenye tamaa mwenyewe. Hakuna mtawala wala kuhani aliyemwambia Leontius kuwa anataka jambo baya.

Katika Gorgias hoja hiyo inapanuliwa. Callicles anadai kwamba maisha mema ni kuziacha tamaa zikue kadiri ziwezavyo na kuwa na uwezo wa kuzitimiza. Socrates anamjibu kwa mfano wa mitungi inayovuja, ambayo mwenyewe hulazimika kuijaza usiku na mchana, kisha kwa mfano wa mtu mwenye mwasho anayepata fursa ya kujikuna maisha yake yote. Mtu huyo anataka, na anapata anachotaka. Callicles anakubali kumwita mwenye heri, lakini Socrates anausukuma mfano huo mbele zaidi mpaka Callicles mwenyewe anaona ni aibu. Kinachokataliwa hapa ni dai kwamba wingi wa kutimizwa kwa tamaa unatosha kupima ubora wa maisha. Plato haikatai tamaa yote. Katika Karamu, Eros anaelezwa kuwa mtoto wa Ukata na Uwezo: amerithi upungufu kutoka kwa mama na mbinu za kuuondoa kutoka kwa baba. Tamaa ya namna hiyo ndiyo inayompandisha mtu kutoka kwenye uzuri wa mwili mmoja hadi uzuri wa elimu na wa sheria.

Aristotle anaipunguza ile picha ya vita ndani ya nafsi. Kwake, tamaa inaweza kulelewa. Mtu mwenye maadili haishi akizishinda tamaa zake kila siku, kwa kuwa amezoezwa tangu utotoni kufurahia yanayostahili kufurahiwa na kuhuzunishwa na yanayostahili kuhuzunisha. Naye Epicurus, ambaye jina lake limegeuzwa kuwa alama ya ulafi, alifundisha karibu kinyume cha hayo. Alizigawa tamaa katika makundi matatu: za asili na za lazima, za asili zisizo za lazima, na zile ambazo si za asili wala si za lazima bali zimezaliwa na mawazo matupu. Mgawanyo huo unaanzia kwenye swali la chanzo cha tamaa, kisha ndipo unapofika kwenye hukumu.

Augustine analichukua swali la chanzo mbali zaidi. Katika kitabu cha pili cha Maungamo anaeleza jinsi alivyoiba matunda ya mpeasi akiwa na vijana wenzake alipokuwa na umri wa miaka 16. Hakuwa na njaa, na alikuwa na matunda bora zaidi. Mengi ya yale waliyoyaiba waliwatupia nguruwe. Baada ya kuichambua tamaa hiyo kwa kurasa nyingi, anafikia jambo ambalo wasomaji wengi hulipita haraka: kwamba peke yake asingeiba. Alitaka kwa sababu wenzake walitaka. Kwa hiyo, takriban mwaka 400, mapokeo haya tayari yalikuwa na maelezo ya tamaa inayozaliwa na kundi huku mwenyewe akiihisi kuwa ni yake.

Wanafikra hawa hawakubaliani juu ya maisha mema. Wanakubaliana tu kwamba tamaa ina chanzo, na kwamba chanzo hicho ni sehemu ya hukumu juu yake.

3.0 Tamaa inayopokewa: kutoka Hobbes hadi Samuelson

Mwaka 1651 Thomas Hobbes alichapisha Leviathan, kitabu kilichoandikwa katika kipindi cha vita vya wenyewe kwa wenyewe nchini Uingereza. Ndani yake, jema ni jina ambalo kila mtu hukipa kitu anachokitamani, na heri ni mwendo usiokoma wa tamaa kutoka kitu kimoja hadi kingine. Spinoza, ambaye Maadili yake yalitolewa mwaka 1677 baada ya kifo chake, alifundisha kwamba hatukitamani kitu kwa kuwa tumekihukumu kuwa chema. Tunakihukumu kuwa chema kwa kuwa tunakitamani. Hata hivyo, Spinoza aliendelea kuuliza sababu za tamaa na kuamini kwamba kuzielewa kunambadilisha mtu, jambo ambalo warithi wengi wa zama hizi hawakulichukua. Hume, katika kitabu chake kikubwa cha mwaka 1739 hadi 1740, aliiweka akili chini ya hisia: akili hutafuta njia, lakini haichagui mwisho wa safari.

Jeremy Bentham aliyageuza mawazo ya aina hii kuwa chombo cha kutungia sheria. Katika kitabu chake cha mwaka 1789 kuhusu misingi ya maadili na sheria, raha na maumivu vinapimwa kwa ukali, muda, uhakika na idadi ya watu wanaoguswa. Mahali pengine alisisitiza kwamba, furaha ikiwa sawa, mchezo mwepesi wa kitoto una thamani sawa na ushairi. Kauli hiyo imechekwa sana, ingawa ndani yake mna haki ya aina fulani. Ilimaanisha kwamba raha ya mchukuzi wa mizigo inahesabiwa sawa na raha ya mwenye shamba, na kwamba mtunga sheria hana ruhusa ya kudharau jambo linalowapendeza watu kwa sababu tu halimpendezi yeye.

Hatua mbili za mwisho zilikuja katika karne ya 20. Mwaka 1932 Lionel Robbins alieleza uchumi kuwa taaluma inayochunguza uhusiano kati ya malengo na nyenzo haba zenye matumizi mengi. Malengo yenyewe mwanauchumi huyapokea tu. Mwaka 1938 Paul Samuelson alipendekeza kwamba hakuna haja ya kuzungumzia hali ya nafsi hata kidogo, kwa kuwa uchaguzi wa mtu sokoni unatosha kueleza tabia yake. Kuanzia hapo, tamaa ikawa data.

Kila hatua ilikuwa na sababu inayostahili heshima. Hobbes aliona damu iliyomwagwa na watu waliodai kuyajua mema ya wenzao. Bentham alipambana na sheria zilizotungwa na watu wa tabaka moja kwa manufaa yao. Robbins na Samuelson walitaka taaluma isiyoingiza maoni ya mtafiti kisirisiri. Tatizo lilianza pale tahadhari ya kimbinu ilipogeuzwa kuwa kanuni ya maadili. Mtafiti aliyesema kuwa haulizi tamaa imetoka wapi alifuatwa na mshauri wa sera aliyesema kuwa hapana haja ya kuuliza.

4.0 Wajane wa Singur

Mwaka 1944, mwaka mmoja baada ya njaa kuu ya Bengal, taasisi ya serikali ya India inayoshughulikia usafi na afya ya jamii ilifanya uchunguzi huko Singur, karibu na Calcutta. Miongoni mwa wagane waliohojiwa, asilimia 48.5 walisema kuwa ni wagonjwa au kwamba afya yao si nzuri wala si mbaya. Miongoni mwa wajane, waliosema hivyo walikuwa asilimia 2.5 tu. Amartya Sen amezitumia takwimu hizo katika maandishi yake kuonesha hatari ya kutegemea kauli ya mtu juu ya hali yake. Katika jamii ile, mjane alikuwa miongoni mwa watu walionyimwa zaidi chakula, matibabu na heshima. Majibu yale hayakuonesha kwamba wajane walikuwa na afya kuliko wagane. Yalionesha kwamba walikuwa wamejifunza kutoyahesabu mateso yao.

Inaweza kupingwa kwamba takwimu hizi zinahusu afya inayojieleza, wala si tamaa. Pingamizi hilo ni sahihi kwa kiasi chake. Lakini mtu anayejiona mzima hatamani daktari, na asiyetamani daktari hatamchagua mbunge kwa ahadi ya hospitali. Kipimo cha mapendeleo kitamsoma kuwa mtu asiyehitaji huduma.

John Stuart Mill alikuwa ameliona jambo hili mapema, ingawa hakuliunganisha na nadharia yake. Katika maandishi yake ya mwaka 1861 kuhusu falsafa ya manufaa, alidai kwamba ushahidi pekee wa kitu kuwa cha kutamanika ni kwamba watu wanakitamani kweli. Miaka minane baadaye, katika kitabu chake kuhusu kutawaliwa kwa wanawake, aliandika kama mtu aliyeiona kasoro ya dai hilo. Alieleza kwamba wanaume hawakutaka utii wa wanawake peke yake bali pia hisia zao, na kwamba malezi yote ya wanawake yalielekezwa kwenye lengo hilo. Ikiwa ndivyo, ule ukweli kwamba wanawake wengi wa zama zake walionekana kuyataka maisha waliyopewa haukuwa ushahidi wa ubora wa maisha hayo. Mill wa mwaka 1869 anamkanusha Mill wa mwaka 1861, na katika mgongano huo ni Mill wa pili anayestahili kufuatwa.

Jon Elster aliupa mgongano huo umbo la nadharia mwaka 1983, akianzia kwenye ngano ya mbweha na zabibu. Wasomaji wengi wa Kiswahili wanaijua ngano hiyo kwa umbo la sungura aliyeruka mara kadhaa akayakosa matunda, akaondoka akidai kuwa bado mabichi. Mchango mkubwa wa Elster ni kutofautisha mambo mawili yanayofanana kwa nje. Mtu anaweza kuipunguza tamaa yake kwa makusudi, akijua anachokifanya, kama walivyofundisha Wastoa akiwemo Epictetus, aliyewahi kuwa mtumwa. Tamaa pia inaweza kupungua yenyewe, kwa nguvu inayofanya kazi nje ya ufahamu wa mwenyewe. Katika hali ya kwanza, mtu ni mtendaji. Katika hali ya pili, anatendwa. Jedwali la matokeo ya dodoso haliwezi kuzionesha tofauti hizo.

5.0 Galbraith na Hayek: je, asili ya tamaa inatosha kuihukumu?

Kuna njia rahisi ya kulirudisha swali la chanzo, nayo haifai. John Kenneth Galbraith aliitumia mwaka 1958 katika kitabu chake kuhusu jamii yenye utajiri. Alidai kwamba katika nchi tajiri, viwanda huzalisha bidhaa pamoja na matangazo yanayozalisha tamaa ya bidhaa hizo; kwa hiyo uzalishaji hauwezi kutetewa kwa hoja kwamba unatimiza tamaa za watu. Mwaka 1961 Friedrich Hayek alimjibu kwamba hitimisho hilo halifuati. Ukitoa mahitaji machache ya mwili, karibu kila tunachokitaka tumefundishwa na wengine kukitaka. Hakuna mtu aliyezaliwa akitamani riwaya au muziki wa ala. Tamaa kuwa imefundishwa hakuifanyi iwe duni.

Katika hoja hii Hayek ana haki, na anayetaka kuihakiki falsafa ya mapendeleo lazima alikubali jambo hilo kwanza. Mpenzi wa ushairi wa Kiswahili alifundishwa kuupenda na mwalimu, na mzazi, au na majirani waliokuwa wakijibizana kwa beti. Upendo wake haupungui anapojua hivyo. Lakini jibu la Hayek linaishia kati. Ameonesha kwamba kuwa na chanzo nje ya nafsi hakuitii tamaa dosari. Hajaonesha kwamba vyanzo vyote ni sawa. Mwalimu wa ushairi anaweza kumweleza mwanafunzi kila hatua aliyoitumia kumvutia, na kazi yake isiharibike. Mtengenezaji wa mchezo wa kubahatisha, aliyepanga ushindi mdogomdogo uje kwa vipindi visivyotabirika ili mchezaji asiache, ana sababu ya kutomweleza. Tofauti iko hapo: tamaa moja hustahimili kuelezwa chanzo chake mbele ya mwenyewe, na nyingine hutegemea chanzo kisielezwe.

Kigezo hicho nacho kina mpaka. Wapo wanaojua fika jinsi tamaa yao ilivyojengwa na bado hawawezi kuiacha. Harry Frankfurt, katika makala yake ya mwaka 1971, aliwaeleza kwa mfano wa mraibu asiyeutaka uraibu wake. Mtu huyo ana tamaa ya dawa, na juu yake ana tamaa nyingine kwamba ile ya kwanza isimtawale. Leontius wa Plato ni ndugu yake. Nadharia ya uchaguzi unaojidhihirisha inaihesabu tamaa iliyoshinda peke yake. Ile iliyoshindwa, ambayo mwenyewe anaiona ndiyo sauti yake, haionekani sokoni.

6.0 Hatari ya kuwa na mlezi

Mtu anaweza kuuliza: ikiwa tamaa za watu haziaminiki, nani basi ataamua? Plato alilijibu swali hilo kwa kuwapa mamlaka watawala wachache wenye hekima, na sehemu kubwa ya falsafa ya kisiasa ya Magharibi tangu karne ya 17 inaweza kusomwa kama kulikimbia jibu hilo. Isaiah Berlin, katika mhadhara wake wa mwaka 1958 kuhusu dhana mbili za uhuru, alionya kwamba mtawala anayedai kuijua nafsi halisi ya raia anaweza kumkandamiza raia huyo huku akidai kumweka huru.

Kwa wasomaji wa Afrika Mashariki, onyo hilo halihitaji mifano ya mbali. Falsafa ya kuheshimu mapendeleo ya kila mtu haikuwahi kutumika kwa usawa. Mill, katika kitabu chake cha mwaka 1859 kuhusu uhuru, aliziondoa katika kanuni yake jamii alizoziona kuwa bado changa, na aliyachapisha hayo baada ya kufanya kazi katika Kampuni ya Uingereza ya India ya Mashariki kuanzia mwaka 1823 hadi 1858. Tawala za kikoloni katika eneo letu ziliendeleza mantiki hiyohiyo. Maofisa na walowezi walilalamika kwamba Mwafrika ana mahitaji machache mno, na kwa hiyo haoni sababu ya kufanya kazi ya mshahara. Kodi ya kibanda, iliyotozwa na Wajerumani na Waingereza kuanzia mwishoni mwa karne ya 19, ilikusudiwa kuingiza mapato na pia kuwasukuma watu kwenye ajira ya mashamba na ujenzi. Hapa tamaa za watu hazikupokewa kama data. Zilihukumiwa kuwa pungufu, na watu wakalazimishwa kuhitaji fedha.

Historia hii inatufunza mambo mawili kwa pamoja. Kwanza, anayetaka kulirudisha swali la chanzo cha tamaa katika sera hana budi kujua kwamba swali hilo limewahi kutumika kama kiboko. Pili, wale wanaosema leo kwamba mapendeleo ya mwananchi wa kijijini yachukuliwe yalivyo wakumbuke kwamba mapendeleo hayo yamepita katika historia ya kunyimwa na kulazimishwa. Kuyapokea bila swali ni kuirithi kazi ya kodi ya kibanda huku tukiiita hiari.

7.0 Maneno ya Kiswahili na swali lililoachwa

Neno tamaa limetoka katika Kiarabu, ambamo mzizi wake hubeba maana ya uchu na pia ya kutarajia. Kiswahili kimezihifadhi pande zote mbili. Methali isemayo tamaa mbele, mauti nyuma inaionya nafsi dhidi ya uchu. Lakini anayesema amekata tamaa hamaanishi kwamba ameushinda uchu. Anamaanisha kwamba amepoteza tumaini, na wanaomsikia humhurumia. Kwa mzungumzaji wa Kiswahili, basi, tamaa ikizidi huwa hatari, na ikikatika huwa msiba.

Isidaiwe kuwa neno moja linathibitisha kuwapo kwa falsafa nzima. Msamiati si hoja. Hata hivyo, msamiati humpa mtafiti zana, na zana hizi zinalihusu hasa tatizo la Singur. Kiswahili hutofautisha kukinai, kuzoea na kukata tamaa. Aliyekinai amepata kiasi anachokiona kinamtosha. Aliyezoea ameacha kuhisi uzito wa mzigo ambao bado ameubeba. Aliyekata tamaa anauhisi mzigo, lakini haamini tena kwamba unaweza kutuliwa. Mtafiti akiwauliza watu hawa watatu kama wanaridhika na huduma ya maji kijijini kwao, wote wanaweza kujibu kuwa wanaridhika, na wote wakaingizwa katika safu moja ya jedwali. Wa kwanza hahitaji mradi. Wa pili na wa tatu ndio wanaouhitaji kuliko wengine wote.

Kutokana na uhakiki huu, makala yanapendekeza mambo mawili kwa washauri wa sera. La kwanza ni kwamba kauli za kuridhika zisitumike peke yake. Zilinganishwe na vipimo visivyotegemea kauli, kama vile umbali wa kisima, idadi ya vifo vya watoto au muda wa kungoja matibabu, na pengo kati ya viwili hivyo lichukuliwe kuwa tokeo linalohitaji kuelezwa. Mhojiwa aulizwe pia ni hali gani nyingine anayoijua au aliyowahi kuiona, kwa sababu mtu hawezi kutamani kisima cha karibu kama hajawahi kufikiri kwamba kinawezekana.

La pili linahusu biashara zinazojenga tamaa, zikiwemo kamari na mikopo ya haraka kwa njia ya simu. Mjadala kuhusu biashara hizi hukwama kati ya pande mbili: wanaosema mteja amechagua kwa hiari, na wanaosema serikali imlinde kwa kupiga marufuku. Mapokeo tuliyoyahakiki yanatoa swali la tatu: je, hiari hii ingebaki kama mteja angeoneshwa jinsi ilivyotengenezwa, na kama angepewa nafasi halisi ya kujizuia? Sheria inaweza kulazimisha uwiano wa kushinda na kushindwa uoneshwe waziwazi kabla ya kila malipo. Inaweza pia kumpa mteja haki ya kujifungia akaunti kwa muda anaoupanga mwenyewe, bila kampuni kuwa na uwezo wa kuifungua upesi. Hatua ya kwanza inamjulisha mtu chanzo cha tamaa yake. Ya pili inaipa nguvu tamaa ya pili ya Frankfurt, ile ambayo soko haliioni. Katika hatua zote mbili, hukumu ya mwisho inabaki kwa mwenye tamaa.

8.0 Hitimisho

Falsafa ya Magharibi haina sauti moja juu ya tamaa. Ndani yake mna mapokeo yanayoihoji tamaa na mapokeo yanayoipokea, na kila upande umezaliwa na hofu ya kweli: hofu ya nafsi inayojidanganya, na hofu ya mtawala anayejidai kuijua nafsi ya mwingine. Nadharia ya mapendeleo inayotumika katika ushauri wa sera imeirithi hofu ya pili na kuisahau ya kwanza. Wanaoathirika na usahaulifu huo ni wale ambao kunyimwa kumewafundisha kutaka kidogo, kwa kuwa ukimya wao unasomwa kama kutosheka.

Kazi inayobaki kwa watafiti wa Kiswahili ni ya vitendo. Madodoso mengi yanayotumika katika nchi zetu hutungwa kwanza kwa lugha za kigeni, kisha hutafsiriwa. Katika tafsiri hizo, neno kuridhika hubebeshwa maana ambazo lugha yetu inazitenga. Mtafsiri wa dodoso anayewauliza wanakijiji kama wamekinai, wamezoea au wamekata tamaa atapata majibu ambayo mtunzi wa dodoso la awali hakuyatarajia, na bajeti ya wizara itabidi ipangwe kwa kuyazingatia.